Springi za Watu Wawili

Fundi Mdogo alipata leseni ya pikipiki akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na siku aliyoipata alicheka peke yake njia nzima mpaka wapita njia wakampisha. Alikuwa na haki ya kucheka. Mara ya kwanza alifeli kwa sababu injini ilimzimikia mbele ya mkaguzi. Mara ya pili aliangusha koni zote isipokuwa moja, na hiyo moja, alisema dada yake, ilisalimika kwa kuwa ilikuwa mbali. Mara ya tatu akajikaza kisabuni, akapita.

Dada yake ndiye Fundi Mkubwa. Alimzidi miaka tisa, na kwa maneno alimzidi zaidi ya hapo. Wote wawili walikuwa mafundi cherehani, washonaji wa sare za shule. Mkubwa aliolewa akarudi, mdogo hakwenda kabisa, na kwa miaka thelathini walishona katika chumba kimoja cha duka, cherehani zikitazamana, karibu kiasi kwamba magoti yao yaligongana chini ya meza. Walipogombana, waligombana humo humo bila kuacha kushona. Mteja akiingia akakuta kimya na cherehani mbili zinakwenda mbio, alijua leo wamenuniana, akachukua sare yake akaondoka upesi.

Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu cherehani ya Fundi Mkubwa ifunikwe shuka. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alisema, na maji yakawa yanashuka miguuni. Miguu ilivimba mpaka viatu vyote vikamkataa. Nyumba yao ilikuwa mwisho wa kichochoro ambacho gari halipiti, na kutoka hapo hadi dukani ni mwendo wa dakika ishirini kwa mwenye miguu yake. Pikipiki za kukodi zilikuwepo tele, ila Fundi Mkubwa alizikataa katakata.

"Sishiki kiuno cha mwanamume nisiyemjua," alisema. "Niliyemjua nilimshika, na mliona yaliyonipata."

Siku za kliniki alibebwa kwa kiti na majirani wanne mpaka kwenye teksi barabarani, uso ameufunika kwa mtandio kwa aibu. Mara ya mwisho aliwaambia, "Wanangu, mkinibeba tena hivi, nitakuwa sijijui." Wakacheka, naye akacheka nao, lakini hakuwa anatania. Kliniki iliyofuata hakwenda.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja: kurudi dukani, hata kwa siku moja tu, akae kwenye cherehani yake ashone kola moja. Kola za Fundi Mdogo, alidai, zilikuwa zimesimama kama masikio ya mbuzi, na jina la duka linaharibika. Asubuhi alilisema hilo kwa mzaha, jioni akalisema tena bila mzaha. Fundi Mdogo alisikiliza mpaka roho ikamuuma, ndipo akaenda kujiandikisha kujifunza pikipiki.

Muuzaji wa pikipiki aliyemwendea baada ya kupata leseni alijulikana kwa jina la Spana. Alikuwa mzee wa gereji anayefufua pikipiki zilizotumika na kuziuza, na kubembeleza wateja hakukuwamo katika damu yake. Alimtazama mama huyu mfupi, mwembamba, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, akampeleka moja kwa moja kwenye pikipiki ndogo nyekundu.

"Panda. Miguu yote miwili inagusa chini?"

"Inagusa."

"Shuka uilaze chini. Haya, iinue."

Akailaza, akainama, akaiinua huku akihema kidogo.

"Hii ndiyo yako, mama. Mtu mpya anunue pikipiki anayoweza kuiokota, maana ataiangusha tu, atake asitake. Nyepesi, fupi, injini ndogo, basi. Ukishakomaa, njoo tubadilishe."

Yalikuwa maneno ya mtu anayeijua kazi yake, na Fundi Mdogo aliyasikia yote. Kisha akazunguka nyuma kuangalia kiti cha abiria. Kilikuwa kifupi na kigumu, mtu wa makalio ya kawaida angekaa nusu. Dada yake hakuwa mtu wa makalio ya kawaida, na alijivunia jambo hilo.

Pembeni ilisimama nyingine ya kijivu, pana, yenye kiti kirefu cha sponji nene na egemeo la mgongo kule nyuma. Alipoipanda, alifika chini kwa ncha za vidole. Spana akailaza mwenyewe, akamwambia ajaribu. Fundi Mdogo akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, pikipiki haikutikisika.

"Umeona?" alisema Spana.

Lakini yeye alikuwa ameshaitoa futi shingoni. Pikipiki iliposimamishwa, akapima kutoka chini mpaka juu ya kiti cha nyuma: inchi thelathini na moja. Akafungua daftari lake la vipimo vya wateja. Jana yake alikuwa amempima dada yake kitandani, akimdanganya kwamba anamshonea suruali ya kulalia. Ndani ya paja mpaka kisigino, inchi thelathini na tatu. Zilibaki mbili. Kwa fundi wa nguo inchi mbili ni nyingi mno, ni pindo zima.

"Nachukua hii."

"Mama, pikipiki inachaguliwa kwa ajili ya dereva, si abiria."

"Yangu inachaguliwa kwa ajili ya abiria."

Spana alimkodolea macho, akatikisa kichwa. Akauliza huyo abiria ni mnene kiasi gani, akaonyeshwa kwa mikono miwili. Basi akachukua kifaa chake, akazikaza springi za nyuma mpaka ngazi ya juu kabisa, ya watu wawili, ili mgonjwa asiteseke kwenye mashimo.

Kosa lilikuwa limeshafanyika, na Spana mwenyewe hakulijua. Pima miguu ya watu miaka thelathini kwa ajili ya suruali, utaujua urefu wake, unene wa paja na mahali goti linapokaa. Kama mguu unanyanyuka au haunyanyuki, hutajua. Suruali haiulizi hilo.

Fundi Mkubwa alipoiona pikipiki mlangoni, alilia, kisha akaona haya kulia, akasema rangi ni mbaya. Akavaa gauni lake la kutokea. Akajifunga mtandio, akashika bega la mdogo wake, akanyanyua mguu. Ulipanda kiasi cha shubiri moja, ukagoma. Akajaribu wa pili. Fundi Mdogo akakimbia ndani kuleta kigoda. Akapanda juu ya kigoda, mguu ukagoma vilevile.

"Si ulinipima?" aliuliza Fundi Mkubwa, akihema. "Ile suruali ya kulalia."

"Nilikupima urefu, Dada."

"Urefu ninao. Umenipima kama nguo ya kuanikwa kwenye kamba."

Wakacheka mpaka Fundi Mkubwa akakaa juu ya kigoda akishika mbavu. Pumzi ilipomrudia, akasema, "Basi nikae upande. Miguu yote huku, kama bibi harusi. Nitakushika barabara."

Fundi Mdogo akafikiri. Mwalimu wake wa udereva alikuwa amesema wazi: abiria wa kukaa upande anavuta uzito wote upande mmoja, dereva mpya asithubutu. Na pikipiki yenyewe hawezi kuiinua. Ikianguka juu ya miguu ile je?

"Nipe wiki mbili nizoee, Dada."

"Twende leo, mdogo wangu. Leo nina nguvu."

"Wiki mbili tu."

Fundi Mkubwa hakubishana, na hilo peke yake lilitosha kumshtua mtu. Alivua mtandio, akaukunja mara nne, akarudi ndani kwa kushikilia ukuta.

Muulize yeyote mwenye akili timamu, atakuambia Fundi Mdogo alifanya sawa. Nami nasema hivyo hivyo, na linanichoma. Angekosea, angelia, angeomba msamaha yakaisha. Aliyefanya sawa ataomba msamaha wa nini?

Kila mchana alifunga duka kwa saa moja akaenda kwenye kiwanja kilicho wazi nyuma ya shule. Alikuwa ameshona gunia kubwa, akatia mchanga chini na vipande vya vitambaa juu, rangi za sare za shule zote alizowahi kuzishonea, akalifunga upandeupande juu ya kiti cha nyuma, mahali atakapokaa dada yake. Siku ya kwanza alianguka mara nne, na kila mara ilibidi aombe wapita njia wamsaidie kuinua pikipiki. Alirudi nyumbani na magoti yamechubuka.

"Pacha wangu hajambo?" dada yake aliuliza kutoka kitandani. Alikuwa na maana ya gunia.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Mwambie apunguze kula."

Siku ya tano alianguka mara moja. Siku ya saba hakuanguka, ila alipiga kelele. Usiku Fundi Mkubwa alikuwa halali vizuri, alikuwa anaegemea mito mitatu ili apate pumzi, lakini asubuhi alidai taarifa kamili: umekata kona ngapi, breki umezishikaje, pacha alitulia? Na kila asubuhi aliuliza zimebaki siku ngapi. Idadi aliijua, alitaka tu kusikia inapungua.

Siku ya tisa mambo yalikwenda kama ndoto. Fundi Mdogo alizunguka kiwanja mara sita, akapunguza mwendo, akakata kona, akasimama pale pale alipopanga kusimama. Gunia halikuyumba hata kidogo. Alilipigapiga kwa kiganja, akaliambia kwa sauti, "Nimeshaweza, Dada. Kesho nakupeleka dukani."

Ndipo akamwona jirani, mmoja wa wale wanne wa kiti, anakuja kutoka upande wa pili wa kiwanja. Hakuwa anakimbia. Angekuwa anakimbia, kungekuwa na cha kuwahi. Alikuwa anatembea taratibu, mikono ameilegeza, na Fundi Mdogo akazima injini kabla hajaambiwa neno.

Walimtoa kichochoroni wale wale wanne, wakiwa wamebeba jeneza mabegani. Mmoja wao, mwanamume mzima mwenye ndevu, alilia kwa sauti akisema, "Alituambia. Mama alituambia." Fundi Mdogo alitembea nyuma yao, macho makavu. Watu walisema amejikaza. Hakuwa amejikaza, hakuwa na kitu ndani cha kukaza.

Maisha yaliendelea kwa ubishi wake. Alifungua duka, alishona, akapeleka sare mashuleni kwa pikipiki ya kijivu, mzigo mwepesi wa mfuko mmoja. Na pikipiki ikawa inamrusha. Kila shimo lilimnyanyua kitini likamrudisha kwa kishindo, maana springi zilikuwa zinamngoja mtu wa pili. Kiuno kilimuuma, shingo ilimuuma, meno yaligongana. Hakulalamika kwa mtu. Alijizoesha kunyanyuka kidogo kabla ya shimo, hasa lile kubwa la mdomoni mwa kichochoro, ambalo lilikuwa kali kuliko yote.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi akaenda kwa Spana kubadilisha oili. Mzee aliikandamiza pikipiki nyuma kwa viganja viwili, haikubonyea.

"Mama, mbona hizi bado ni za watu wawili? Utavunjika mgongo. Siku hizi unambeba nani?"

"Simbebi mtu."

Spana aliinua uso, akamtazama, akaelewa. Alifuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Pole sana, mama," alisema. "Niziweke za mtu mmoja? Ni dakika mbili tu."

Fundi Mdogo alishika ncha mbili za futi shingoni mwake. Alitaka kusema acha, ziache hivyo hivyo, lakini hakuwa na sababu ambayo mtu mzima angeisema mbele ya watu.

"Weka," alisema.

Mzee akalegeza upande wa kulia, akalegeza wa kushoto, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka chini.

Alirudi nyumbani mchana, jua likiwa kali. Alipofika mdomoni mwa kichochoro, akalikaribia lile shimo, akakaza meno na kunyanyuka kama kawaida yake. Pikipiki ikashuka taratibu, ikapanda taratibu, ikapita. Fundi Mdogo akasimama pale pale katikati ya njia, akafika chini kwa ncha za vidole, injini ikiwa bado inanguruma, akaangua kilio ambacho hakukitoa siku ya mazishi. Milango ikafunguliwa. Jirani yule mwenye ndevu akatoka mbio, akaishika pikipiki isianguke.

"Umeanguka, dada? Umeumia wapi?"

"Siumii," alisema Fundi Mdogo, akizidi kulia. "Siumii tena popote."