Milioni Moja na Moja

Constance alizaliwa Lweba, kando ya ziwa, akakimbia vita akiwa msichana, na hesabu alizipenda ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania. Huko alikutana na Isidore, kijana wa Nundu, jirani na kwao. Wenzao walitongozana kwa nyimbo. Hao wawili walikaa nyuma ya darasa la turubai, wakiandika namba vumbini kwa kijiti.

Namba iliyowashinda ilikuwa milioni moja na moja. Isidore alishikilia kwamba ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Constance alikataa. Wakaijaribu kwa namba tasa ndogo ndogo, moja baada ya nyingine: saba, kumi na moja, kumi na tatu. Kila mara kitu kilibaki. Walikwenda polepole makusudi, maana ikiisha wangekosa kisingizio cha kukaa pamoja. Walikuwa wamemaliza tisini na saba, familia ya Isidore ikaitwa: wanapelekwa Kanada.

"Tutaimalizia kule," akamwambia. "Utanifuata."

Hakumfuata. Familia ya Constance ilirudi kwao, ikakaa katika mji wa Baraka, naye akawa mwalimu wa hesabu. Posa zilikuja, akazikataa. Ile namba hakuigusa tena; kuiendea peke yake aliona ni kama kula chakula cha watu wawili.

Mwaka huu, akifundisha namba tasa, alitaka mfano mkubwa. Mkono ukaandika wenyewe ubaoni: 1 000 001. Wanafunzi wakangoja. Akaanzia pale walipoachia. Namba tasa inayofuata tisini na saba ni mia moja na moja. Akagawanya. Hakikubaki kitu.

Akaugeukia ubao, akabaki hivyo mpaka macho yakakauka.

Namba ya simu ya Isidore alikuwa nayo kwa miaka, hajawahi kuipiga. Jioni ile akaipiga.

"Isidore, ni mimi, Constance. Ile namba yetu inagawanyika."

"Namba gani?" Kisha sauti ikapanda. "Milioni moja na moja? Kwa ngapi?"

"Mia moja na moja. Mara elfu tisa mia tisa na moja."

Alimsikia akihesabu chini chini, kwa sauti ileile ya kambini. "Weee! Ilikuwa inatubakilia namba moja tu ya kujaribu?"

"Moja tu."

"Constance, kama siku ile gari ya kutuchukua ingechelewa kidogo..." Nyuma yake mwanamke alimwita mezani, watoto wakacheka. "Niko nakuja," akajibu huko. Kisha, taratibu: "Usalimie bandugu ba nyumbani."

Asubuhi alikuta ujumbe wa Isidore, hauna hata salamu: *10 000 001. Na hii?*

Constance aliona jibu palepale. Ukijumlisha tarakimu zake kwa kuruka moja moja, mafungu mawili yanalingana. Basi inagawanyika kwa kumi na moja. Kanuni hiyo alifundishwa na Isidore mwenyewe.

Hakujibu. Alitia simu mfukoni, akaenda shule, na kutwa nzima akajifanya bado anatafuta.