Jirani Aliyeniita Tufani

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, neno tufani halikutajwa. Babu yangu alisafiri kwenda Lamu mama yangu akiwa bado tumboni, chombo kikapigwa na tufani, asirudi. Tangu hapo bibi, aliyenilea, alisema "mvua kubwa", au "upepo mkali", au "ile" tu, nasi tukaelewa.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, katikati ya miaka ya tisini, mama mmoja wa Kihindi, mjane, alipohamia nyumba ya ng'ambo na kufungua duka la vitambaa chini. Dirisha lake la juu lilitazamana na letu, na kichochoro kilikuwa chembamba hata akatupitishia bakuli la tambi kwa mkono. Alasiri moja aliniona nikitembea kwenye ukuta mfupi wa dari yetu, juu ya paa, macho nimeyafumba, nikijidai naelea. Akacheka na kuniita, "We tofani!"

Bibi alisikia. Akaniteremsha, akafunga dirisha polepole, akatia komeo. Alisema mwanamke yule amenitakia mabaya. Bakuli lake likarudishwa tupu, jambo ambalo bibi hakuwahi kumfanyia jirani yeyote, na salamu zikakatika.

Nilimwuliza maalimu wa madrasa maana ya tufani. Akanieleza kwamba neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na humo si upepo, ni maji: ni ile gharika ya Nabii Nuhu. Siku hiyo nilijilaza sakafuni nikayaona maji yakipanda ngazi zetu bila sauti, yamebeba viatu vya watu wote wa mtaa, nami sikuogopa hata kidogo.

Masika yalipofika, mvua ilinyesha tangu alfajiri, na maji yakashuka kichochoroni hadi dukani kwa yule mama. Bibi alisimama dirishani akimtazama akihangaika peke yake. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akashuka, nami nyuma yake. Tukapandisha majora ya hariri na shashi mpaka chumba cha juu kikajaa rangi, na mwanga wa mvua ukaingia humo kama umechujwa.

Tulipoketi, bibi akamwuliza, "Mwanangu, kwa nini ulimwita mjukuu wangu jina lile?"

Yule mama alishangaa. Akasema kwa Kigujarati tofani ni mtundu, na watoto watukutu huitwa hivyo. Ndivyo alivyokuwa akimwita mwanawe kabla hajahamia Ulaya. "Nilimkumbuka yeye, mama. Sikukusudia ubaya."



"Mume wangu alichukuliwa na tufani," bibi akasema.

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Yule mama alimshika mkono. Bibi akaanza kumsimulia habari za babu: kwamba alikuwa akiwaogopa paka, kwamba akiimba kila mtu nyumbani alimwomba anyamaze. Mambo haya yote yalikuwa mageni kwangu. Nililala juu ya majora, sauti yake ikija na kwenda, ikichanganyika na mvua.

Nilipoamka mvua ilikuwa imekatika. Bibi na jirani yetu walikuwa wamesimama, kila mmoja ameshika ncha ya kitambaa kirefu cha samawati, wakikikamua, huyu akisokota kulia na yule kushoto, maji yakidondoka sakafuni.