Sababu ya Kutopasuliwa

Kila mwisho wa mwezi, katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali ninakofanya kazi hapa Makambako, huingiza kwenye mfumo wa taifa taarifa za wagonjwa wetu wa saratani. Kila mgonjwa ana mstari wake: umri, mahali ugonjwa ulipoanzia, kama alipasuliwa. Asiyepasuliwa lazima apewe sababu, nayo huchaguliwa kati ya nne: alikataa, hakufika, ugonjwa umesambaa, alifariki. Bila sababu, mfumo hauendelei. Kwa miaka mingi nilichagua bila mkono kusita.

Mwaka huu mstari mmoja ni wa mdogo wangu, mkulima wa chai Lupembe. Uvimbe wake wa titi uligunduliwa mapema, hapa hospitalini kwetu. Daktari wa hospitali ya rufaa alisema ukiondolewa sasa kuna matumaini makubwa, akampangia siku. Siku mbili kabla, baba mkwe wake akafariki huko Matembwe. Mdogo wangu ni mke wa mtoto wa kwanza, na katika ukoo ule yeye ndiye msimamizi wa jiko la msiba. Haondoki kabla ya arobaini. Alinipigia simu kuniuliza afanye nini. Nami, niliyekwisha kuona katika mistari ya watu wengine jinsi "hakufika" ya leo inavyokuwa "umesambaa" baadaye, nilifikiria maneno ya wakwe. Nikamwambia azike kwanza, tarehe nyingine itapatikana.

Ilipatikana baada ya miezi minne. Daktari alimpima, kisha akatueleza kwa upole kwamba uvimbe umeshika ukuta wa kifua na kisu hakitasaidia kwa sasa. Aanze dawa za mshipani, halafu wataangalia.

Tuliporudi Makambako alikaa ofisini kwangu kusubiri basi la Njombe. Ilikuwa siku ya kufunga taarifa. Aliniuliza kama na yeye yumo humo kwenye kompyuta, nikamjibu kwamba yumo.

"Basi niandike nimepasuliwa, dada. Kwani hao wa taifa watakuja kunifunua blauzi?"

Mwenzangu wa meza ya pili alicheka, kisha akainamia makaratasi yake.

Mdogo wangu alisogeza kiti, akasoma zile sababu nne polepole, kidole kikiwa kwenye kioo. Kukataa, hakukataa; kusambaa, daktari alikuwa hajasema hivyo. Mwenzangu akanishauri niweke "hakufika", maana ile tarehe ya kwanza ilipita bila yeye, na ndivyo tunavyowaandika wote.

"Lakini ningefika," alisema mdogo wangu. Hakuwa na hasira. "Si wewe uliyeniambia nisubiri?"

Nilimwambia ni kweli. Nilitafuta mahali pa kuliandika hilo, ingawa nilijua hapapo. Nikabonyeza "hakufika". Mstari ukapokelewa, ukafunguka wa mgonjwa aliyefuata, mzee wa tezi dume, naye alikuwa amepasuliwa.