Divai Isiyo na Mtama

Harufu ya zabibu zinazochacha si tamu kama watu wanavyodhani; ina ukali wa unga unaoumuka na maganda ya ndizi bivu. Niliijua nikiwa na miaka kumi na minne, kijijini kwetu Nyakitonto, mama alipomfuata baba kaburini nami nikaacha shule darasa la sita ili nikae na wadogo zangu, Elia na Yusta. Shangazi alikuja msibani kutoka Mabamba, akataka kumchukua Yusta, aliyekuwa na miaka minne. Paroko wetu alikuwa na mizabibu michache ya zabibu nyeupe, mbegu ya Dodoma, nyuma ya nyumba yake. Akanipa nafasi: nikiweza kutengeneza divai ya misa, nitapata kazi na chumba cha kukaa sote watatu. Shangazi akakubali kungoja.

Paroko alinielekeza vizuri: kamua, chuja, funika, acha sukari ya tunda iishe yenyewe mpaka divai iwe kavu, isibaki na utamu wowote. Siku ya tatu sikuona povu. Kwetu kila mtu anajua kwamba urwagwa, pombe yetu ya ndizi, hauamki bila unga wa mtama uliokaangwa. Nikatia viganja viwili. Asubuhi mtungi ulikuwa unachemka, nikafagia ua huku naimba.

Paroko alionja. "Binti, umeweka nini humu?"

"Mtama kidogo tu, Baba. Ilikuwa imelala."

Alicheka mpaka akakohoa. "Umenipikia urwagwa wa zabibu! Huu nitaunywa na katekista, lakini altareni haupandi. Pale ni zabibu tupu. Jaribu tena msimu ujao."

Shangazi hakungoja msimu ujao. "Mwanangu, mtoto hali divai," alisema, akambeba Yusta mgongoni wakaondoka.

Msimu uliofuata niliuacha mtungi siku sita bila kuugusa, mpaka povu likaja lenyewe. Divai ikatoka nyeupe, kavu, kali kama ndimu. Nikapata kazi, nikapata chumba, nikaenda Mabamba. Yusta alijificha nyuma ya shangazi, akimwita mama. Alilia njia nzima hadi Nyakitonto.

Leo bado napogoa mizabibu ya parokia. Yusta ana watoto wawili na duka mjini Kasulu, na kila Krismasi hupanda basi kwenda Mabamba kwanza, ndipo aje kwangu. Mimi huusimulia mwaka ule kama mwaka niliompoteza mdogo wangu. Yeye huuita mwaka aliopata mama. Nimeacha kumbishia.