Sigara ya Tatu

Mume wangu alipopewa likizo kule mgodini Geita, msimamizi wake alimpa kikopo chenye sigara tatu nene, zile za majani matupu yasiyo na karatasi. Tukavuka ziwa kwenda kisiwani kwa dada yake, tupumzike wiki moja. Ilikuwa miaka ya sitini, na mimi kupumzika sikukujua. Siku ya pili tu nilishaomba jembe.

Yeye alikaa ufukweni kwenye kigoda, akavuta moja, macho kayafumba kama mtu anayesali. Kesho yake akavuta ya pili. Lakini alikuwa akikohoa sana, na mimi nikaona ni hizo sigara. Ya tatu nikaitia motoni, chini ya chungu cha samaki.

"Umeichoma?" aliniuliza.

"Nimeichoma. Nataka mume, sitaki moshi."

Wifi yangu akacheka. "Kaka, wewe umeoa askari."

Yeye hakucheka. Alirudi kwenye kigoda chake mikono mitupu, akayaangalia maji mpaka tulipomwita kula.

Tuliporudi, hospitali walisema ni vumbi la mawe ya mgodini, limemjaa kifuani tangu zamani. Mwaka haukuisha, tukamzika. Sigara ile moja isingemwongezea ugonjwa wala kumpunguzia.

Siku ya maziko wazee wa ukoo wake walitaka kumwekea tumbaku kidogo kaburini, kama desturi yao. Nikasema sisi ni Wakristo, hakuna kitu kama hicho.

Basi nilimnyima mara mbili.