Shati la Jost

Kila ikifika tarehe kumi na nne ya Julai, mtaani kwetu Saint-Antoine hapakaliki. Fataki zinapasuka tangu mchana, taa za karatasi zinaning'inia kutoka dirisha hadi dirisha, na pale uwanjani ilipokuwa ngome ya Bastille watu wanacheza mpaka wanavua viatu. Sina ugomvi na ngoma, hata mimi nacheza. Kinachonichefua ni hotuba za hao waheshimiwa wa mikanda ya rangi tatu, wanaoisimulia siku ile kana kwamba ilikuwa harusi: watu walifika, lango likafunguka, uhuru ukatoka. Lango halikufunguka kwa kupigiwa hodi. Sisi wa nyumba za uani tuna habari za Perrine Gaudrillon, dobi, na hizo hakuna mheshimiwa anayezitia kwenye hotuba yake.

Perrine alizaliwa hapa hapa, kwenye uchochoro unaonuka gundi ya maseremala. Mama yake alikufa mapema, akalelewa na baba yake, Mathurin, kwa awamu, maana Mathurin alikuwa askari na vita vya mfalme havikumpa nafasi ya kukaa nyumbani. Aliporudi moja kwa moja alikuwa na mguu mmoja wa kuburuta na kinywa kitupu. Meno ya mbele aling'olewa kwa kitako cha bunduki, yaliyobaki yakamalizwa na mikate migumu ya jeshini. Askari wazee kama yeye walivikwa makoti ya bluu, wakapelekwa kulinda Bastille, wakashinda wakicheza karata na kukohoa. Perrine akawa anawafulia nguo. Kila wiki alipita darajani na kapu lake, na ndani ya kapu hakukosa bakuli la mkate uliolowekwa kwenye supu, chakula pekee ambacho baba yake angeweza kukimeza.

Aliolewa na Anselme Rouvet, seremala wa makabati, mrefu, mwenye maneno mengi. Anselme na mkwewe walipendana, na walitaniana bila huruma.

"Baba mkwe," Anselme alikuwa akisema, "leo umenikasirikia mpaka unataka kuning'ata. Itabidi uazime meno kwa jirani."

"Sina haja ya meno," mzee alijibu. "Wewe nitakumung'unya pole pole mpaka uishe."

Perrine alicheka mpaka akajishika mbavu. Alikuwa na wanaume wawili duniani, na wote wawili walikaa mwendo wa kuitana tu.

Mwaka ule wa 1789 mkate ulipanda bei mpaka watu wakaanza kuutazama madirishani kama vito. Mfalme akaleta majeshi kuuzunguka mji. Bastille nayo iliongezewa askari wa Kiswisi, na mmoja wao akawekwa karibu na Mathurin. Aliitwa Jost. Alikuwa bonge la mtu, mashavu mekundu, lugha yetu anaivunjavunja. Mzee alishindwa kupanda ngazi za minarani kwa sababu ya mguu, akapangiwa chini, nyuma ya daraja la kuinuliwa, na Jost ndiye aliyemtekea maji na kumfunga viatu. Waswisi walipewa mashati marefu ya turubai, ya rangi ya majivu, wavae juu ya makoti yao mekundu wasiyachafue kazini. Wiki ile Perrine aliyafua.

"Mama dobi," Jost alimwambia akipokea lake, "baba wewe, mimi angalia. Wewe lala tu."

"Mwangalie kweli," Perrine alimjibu, "maana hata mkate hawezi kuuuma."

"Mimi uma. Mimi meno mengi," akasema Jost, akayaonyesha yote.

Asubuhi ya kumi na nne Anselme alifunga patasi yake kubwa kwenye mpini wa ufagio. Mji mzima ulikuwa umeamka na bunduki zilizotekwa, lakini baruti hakuna. Baruti ilikuwa ndani ya Bastille.

"Anselme, baba yuko mle," Perrine alisema, amesimama mlangoni ameuziba kwa mikono.

"Ndiyo maana naenda. Sisi tunataka baruti tu, mke wangu. Watatupa, tutamchukua na mzee, nitamleta hapa supu haijapoa. Hebu toka mlangoni, wewe na mabega yako!" Akambusu sikioni, akapita chini ya mkono wake.

Supu ilipoa. Kwanza zilisikika kelele, kisha mlio mmoja, kisha milio isiyohesabika, na moshi mweusi ukapanda juu ya mapaa. Perrine alistahimili kadiri alivyoweza, kisha akavua viatu vya mbao akakimbia peku.

Ua wa nje wa ngome ulikuwa machinjio. Mikokoteni ya majani makavu ilikuwa inawaka, na watu walikuwa wakipigwa risasi ndani ya moshi wao wenyewe. Daraja la kuinuliwa lilikuwa juu, limesimama wima mbele ya lango kama ubao, na kwenye ubao huo kulikuwa na matundu. Kila mara mtutu ulichomoza kwenye tundu, ukatema moto, na mtu akaanguka. Mfua chuma wa jirani alikuwa ameketi chini ameshika utumbo wake kwa mikono miwili, anauliza nani amemwona mkewe. Kijana mwingine alikuwa hana taya. Perrine alipita kati yao akigeuza waliolala kifudifudi, mmoja mmoja, akiomba kila anayemgeuza asiwe yeye.

Alimtambua kwa patasi. Anselme alikuwa karibu na handaki, mkono bado umeshika mpini wa ufagio, na tundu la risasi lilikuwa chini ya jicho. Perrine alimvuta kwa makwapa mpaka ukutani, akamfuta uso kwa aproni, na damu ikazidi kuja kila alipofuta.

Kisha mizinga iliburutwa mpaka mbele ya lango, kitambaa cheupe kikapepea, na daraja likaachiwa. Lilianguka kwa kishindo likamponda mtu aliyesimama karibu mno, na umati ukapita juu yake. Perrine alipitishwa nao. Mume amekwisha kumpoteza. Kichwani mwake kulibaki neno moja tu, baba.

Ndani, walinzi walikuwa wameweka silaha chini. Upande mmoja walisimama wazee wa makoti ya bluu, upande wa pili Waswisi na mashati yao ya turubai. Na hapo ndipo watu wetu walipofanya kosa ambalo hata leo hakuna mheshimiwa anayelitaja. Walikuwa wamekuja kuvunja gereza, macho yao yakitafuta wafungwa. Walipoona watu waliovaa mashati ya rangi ya majivu, wakajua ndio hao! Wakawakumbatia, wakawabusu, wakawatia mvinyo mdomoni, huku wakilia kwa huruma. Makoti ya bluu ndiyo yaliyoshukiwa. Mzee mmoja alikatwa mkono kwa upanga, na mkono ule ukapitishwa hewani. Mwingine alichomwa singe tumboni akiwa bado anasema hakufyatua hata moja.

Mathurin alikuwa amepigishwa magoti, kamba imekwisha pita shingoni. Aliyeshika kamba alikuwa Bi Radegonde, muuza mvinyo wa kona yetu, mwanamke mwenye mikono ya mchukuzi, na kiunoni alikuwa na shoka lake la kufungulia mapipa.

"Bi Radegonde, mwache! Ni baba yangu!"

"Perrine, ondoka hapa, mwanangu. Mumeo amelala nje kwa risasi za hawa. Nimemwona."

"Huyu hakupiga! Mtazameni mdomo, msafi! Aliyepiga ana mdomo mweusi!"

Alisema kweli kama alivyoijua. Risasi zile zilikuja zimefungwa pamoja na baruti ndani ya karatasi, na askari huing'ata karatasi kwa meno ili aimimine baruti kwenye mtutu, kwa hiyo akishapiga sana midomo inageuka masizi. Lakini nani alikuwa na muda wa kutazama midomo? Kamba ikavutwa. Mathurin akatoa ulimi.

Perrine akageuka, akamwona Jost. Alikuwa amezungukwa na wanawake wanaomfuta machozi, chupa mkononi, haelewi anachoambiwa. Midomo yake ilikuwa myeusi tii, mpaka kidevuni. Jost naye akamwona, akatabasamu, meno yake yote meusi. "Mama dobi," akasema, na kunyoosha mkono kuelekea kwa mzee, kama anayeomba asaidiwe kupita.

Perrine alilishika lile shati kifuani kwa mikono miwili, mikono iliyokamua nguo tangu utotoni, akalipasua mpaka chini. Koti jekundu likatokea na vifungo vyake.

"Mtazameni mfungwa wenu!" akapiga kelele. "Mtazameni mdomo wake! Amemuua mume wangu!"

Safari hii walitazama. Wanawake waliokuwa wakimfuta machozi ndio waliokuwa wa kwanza. Radegonde aliiachia kamba, akaja na shoka. Jost alisema kitu kwa lugha yake, kirefu, kwa sauti ya kueleza, akainua mkono kujikinga, na shoka likapita pale palipokuwa na vidole. Pigo la pili lilishuka begani. Walimwangusha, wakamkanyaga, na waliokosa nafasi ya kumkanyaga walichoma kwa mikuki kati ya miguu ya wenzao. Alichukua muda kufa. Alikuwa na nguvu.

Perrine hakungoja. Alilichomoa lile shati lililochanika mwilini mwa Jost, kati ya miguu yao, akamvua baba yake koti la bluu kwa kulikwanyua, akamtupia shati, akapaza sauti. "Huyu ndiye mfungwa! Walimvika koti lao wapate kumficha! Mtazameni, hata meno wamemmaliza!"

Mzee, mweupe kichwa kizima, kibogoyo, alama ya kamba shingoni, analia. Mfungwa gani angefaa zaidi ya huyo? Wakamwinua mabegani. Wakamtoa nje na kumtembeza mtaani, na mbele yake, juu ya mkuki, kilitangulia kichwa cha Jost.

Tangu siku hiyo Mathurin akawa Mzee Mfungwa, na waliokumbuka kwamba alikuwa askari walisema mfalme alikuja kumfunga baadaye. Hakulipia tena mvinyo wala supu. Watoto walipelekwa kumgusa mkono. Akiulizwa alikaa gizani miaka mingapi, aliinama tu, na watu wakasema masikini, ameteswa mpaka amesahau kuhesabu. Ndani ya nyumba hakuongea kabisa. Perrine alimzika Anselme, akalishona lile shati, akalifua, akalifua tena. Doa la begani lilififia lakini halikutoka.

Mwaka ulipozunguka, ilitangazwa sikukuu. Mfalme na watu wake wangekula kiapo kimoja ng'ambo ya mto, nchi iwe moja, mwananchi awe mwananchi. Mvua ilinyesha siku nzima na hakuna aliyerudi nyumbani. Kwetu Bastille ilikuwa imebaki misingi tu, na juu ya misingi hiyo waliweka matawi, taa na wapiga fidla, na kibao kilichosema hapa ni kucheza. Radegonde alikuja mwenyewe kumchukua Mzee Mfungwa, akamtaka avae shati lake.

"Na wewe dobi, uvae vizuri. Mjane wa shujaa huyo! Ukikaa ndani leo, nitakuja kukubeba."

Mzee alipandishwa juu ya pipa la Radegonde, Perrine akasimama chini yake. Shati lilikuwa limelowa, na doa lilipolowa lilirudi rangi yake. Kila mtu alikuwa na kikombe. Wakaomba mzee aseme neno, hata moja, kwa ajili ya sikukuu. Perrine alimshika mguu asianguke, akijua atainama kama siku zote.

Mathurin hakuinama.

"Nilikuwa na mwenzangu mle ndani," alisema. "Aliitwa Jost. Mmemsahau. Alinifunga viatu, akanitekea maji. Siku ile alikaa na mimi mpaka mwisho, akanitafunia. Yeye mwenyewe, kwa meno yake, akanitafunia."

Umati ukaguna kwa huruma. Wanawake walilia. "Alimtafunia mkate!" wakaambiana mpaka nyuma. "Kibogoyo wa watu, mwenzake alikuwa anamtafunia mkate!"

Perrine akamvuta baba yake suruali, akanong'ona, "Baba. Alikutafunia nini?"

Mzee alimwinamia, maji ya mvua yakidondoka puani.

"Karatasi za baruti, mwanangu. Mimi meno sina. Walisema anayekataa kupiga atapigwa yeye. Jost aling'ata zake, aling'ata na zangu. Tundu langu lilikuwa la kushoto, linatazama handaki." Akajifuta uso kwa shati lile. "Moshi ulikuwa mwingi. Niliona mtu mrefu."

Radegonde alikuwa amekwisha inua kikombe juu, uso wote umelowa kwa mvua na machozi, na mkono aliouinua ulikuwa ule ule wa shoka.

"Kwa Jost!" alipiga kelele. "Aliyeuawa na madhalimu! Jost oyee!"

"Oyee!" uwanja mzima ukaitikia, na fidla zikaanza kabla hawajamaliza kunywa.

"Na wewe, dobi," Radegonde alimgeukia, akimsukumizia kikombe kifuani, "ulikuwa unaingia mle kila wiki. Huyo Jost ulimjua?"

"Nilimjua," Perrine alisema. "Nilimvua nguo mimi mwenyewe."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye matope. Mjane naye! Kumbe madobi ndivyo walivyo! Radegonde akamshika kiuno akamwinua, akamtia katikati ya duara, na mikono ya watu ikampokea, huku wakiliimba jina lile kwa mdundo wa fidla. Akacheza.