Ukuta wa Baba

Juzi nilisimama na binti yangu mbele ya kanisa la mawe la kijiji kimoja cha kale nje ya Stockholm, nikasoma kibao cha kuwashukuru waliolikarabati: jina la msanifu, jina la kasisi, basi. Nikapandwa na hasira.

Nilikuwa na miaka saba tulipopelekwa pale na shule. Ukuta ulinuka chokaa mbichi, harufu ileile ya koti la Baba jioni, maana majira yote ya joto alishinda juu ya jukwaa akiupiga lipu. Mwongozaji alipouliza nani alilijenga kanisa lile, nilinyoosha kidole.

"Baba yangu!"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu akaniamuru niombe radhi kwa kusema uongo, nami nikaomba.

Wakati ule nilidhani kupiga lipu ndiko kujenga. Leo najua kanisa lina mamia ya miaka, na najua pia kwamba bila Baba mvua ingeshalimaliza.

Binti yangu akaniuliza, kwa Kiswidi kama kawaida yake, nani alilijenga. Nikamjibu kwa Kiswidi hichohicho, kwa sauti, kasisi aliyekuwa mlangoni asikie:

"Babu yako. Na leo simwombi mtu radhi."